Lenzi Moja ya Fundi Milimita

Mume wangu hajui kukaa. Nasema mapema, msije mkanilaumu kwamba dalili zilikuwepo nami sikuziona. Mwanamume mwingine akianza kubadili balbu, kusogeza viti, kufungua dirisha na kulifunga, mkewe atajua kuna jambo. Mimi nilijua tu kwamba ni Jumanne. Miaka ishirini na saba nimeishi na mtu ambaye akikaa kitako dakika tano anaamka kwenda kupima kitu.

Kazi yake ni kukereza vyuma. Kipande cha chuma kinafungwa kwenye kichwa cha mashine, kichwa kinazunguka kwa kasi, naye anasogeza kisu polepole mpaka chuma kifikie unene unaotakiwa. Karakana nzima wanamwita Fundi Milimita kwa sababu neno "kama hivi" au "karibu na hapo" halipiti mdomoni mwake. Kitanda chetu kilichaguliwa miaka miwili. Nililala kwenye godoro la chini na mimba ya mtoto wa pili, maana kila kitanda alichokiona kilikuwa kimepinda milimita tatu. Mtoto akazaliwa, akatambaa, akasimama dede, ndipo kitanda kikaingia ndani. Nilimwambia mchagua jembe si mkulima. Akanijibu kwamba aliyesema hivyo jembe lake lilikuwa bovu.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kamera isiyo na lenzi.

Ilikuja kama malipo. Mpiga picha mmoja aliyekuwa anafunga studio yake alileta skrubu iliyovunjika, akakerezewa nyingine, mfukoni hakuwa na kitu, akaacha kamera ya zamani ya filamu. Lenzi yake alikwisha kuiuza. Lilikuwa limebaki tumbo la chuma lenye tundu mbele, zito kuliko lilivyoonekana. Mume wangu aliliweka mezani, akalisafisha wiki nzima kwa kitambaa na mswaki, mswaki wangu, na siku moja akasema jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwake.

"Nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu," akasema. "Miaka thelathini na moja niko pale. Nataka nipige picha mashine yangu na wenzangu. Sitaki kuondoka na mafuta kwenye kucha tu."

Nilishikwa na huruma, nikakubali. Lakini namjua. Nikamwekea sharti kwamba ni lenzi moja, ya bei ya watu kama sisi, na akileta ya pili atalala nayo yeye sebuleni.

Hapo ndipo nyumba ilipokosa amani. Alisoma huku na huku, akauliza watu, akagundua kwamba lenzi za kamera ile zina urefu tofauti. Ya milimita thelathini na tano inaona chumba kizima, ya hamsini inaona mtu na alichokishika, ya tisini inakuletea uso peke yake. Akachukua kadibodi la sanduku la viatu, akalikata tundu dogo la mstatili, sawasawa na kipande kimoja cha filamu. Akafunga uzi, akapiga mafundo matatu, moja kwa kila lenzi. Fundo analibana kwenye shavu, kadibodi analinyoosha mbele mpaka uzi ukaze, anafumba jicho la kushoto na kuchungulia kwa la kulia. Kinachoonekana tunduni ndicho ambacho lenzi hiyo ingekiona.

Alitembea na kadibodi hilo mwezi mzima. Jirani akanisalimia huku anacheka, akauliza kama mume wangu anatazama kupatwa kwa jua. Mezani nainua kikombe, nakutana na kadibodi. Nakunja nguo, kadibodi liko mlangoni. Asubuhi ni thelathini na tano, jioni ni hamsini, akienda kuoga anarudi na tisini. Nikimwuliza amefikia wapi ananiambia nisimharakishe, haraka haraka haina baraka, nami nilikuwa natamani kulitia kadibodi lile jikoni lichemshie maji. Katikati ya hayo alikuwa analalamikia taa. Balbu za siku hizi hazina nguvu, alisema, akabadili ya sebuleni, akabadili ya jikoni, akaibadili tena ya sebuleni. Chai aliimimina ikapita pembeni ya kikombe, akalaumu birika. Mimi nilifuta meza na kumwona ni msumbufu.

Mwisho uzi uliamua hamsini. Ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote, na kutoka mlango wa karakana ingemchukua mtu pamoja na mashine yake bila kubana. Tukaambiwa yuko mjane wa mpiga picha mmoja, anauza vifaa vya marehemu mumewe kidogo kidogo, chumbani kwake ghorofa ya pili. Akasema twende wote. Hakutaka kuingia peke yake chumbani kwa mjane, na alitaka mtu wa kumbebea kadibodi.

Ilikuwa tarehe tisa ya mwezi wa tatu, Jumamosi, saa tano asubuhi. Mjane alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Lenzi alizifunga kwenye soksi safi za kiume, kila moja na soksi yake, akazipanga kitandani. Alituambia wazi kwamba yeye si mtaalamu, ila marehemu alikuwa anazitunza kama macho yake. Akaitoa ya hamsini, mume wangu akaipachika kwenye kamera, tukasogea dirishani.

Kamera ile huchungulii kupitia lenzi. Kuna kidirisha juu pembeni, na katikati yake kidoa cha manjano. Ndani ya kidoa kitu kimoja unakiona mara mbili, kimoja imara na kingine hafifu. Unazungusha pete ya lenzi mpaka viwili viwe kimoja, na hapo picha itatoka safi. Visipoungana umepiga ukungu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na tangi la maji juu ya paa. Mume wangu akalielekea, akazungusha pete, akairudisha, akazungusha tena. Akahamia upande wa pili wa dirisha. Akafuta kidirisha kwa shati.

"Hazigusani," akasema.

Mjane akampa ya tisini. Nayo haikugusana. Wakarudi kwenye hamsini. Mume wangu akaanza kueleza jinsi pete ya shaba iliyoko nyuma ya lenzi inavyosukuma kidole kidogo ndani ya kamera, na kwamba pete hii bila shaka imevimba kwa kukaa sana, au ilitengenezwa vibaya tangu awali. Sauti ilikuwa inapanda. Mjane alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Kaka yangu, labda ni macho."

Ungedhani amemtukana mama yake. Mume wangu alijinyoosha, akamwambia macho haya yanasoma sehemu ya mia ya milimita tangu yeye dada hajaolewa. Akanigeukia. "Mama watoto, hebu angalia wewe."

Niliangalia. Nilizungusha pete mpaka mwisho kama nilivyomwona akifanya. Matangi mawili yalisogeleana, yakaingiana, yakawa tangi moja, lenye ngazi moja na bomba moja, safi hata kutu nikaiona.

Nilipoondoa jicho, mume wangu alikuwa amesimama mbele yangu, mikono ikining'inia, anasubiri. Mjane naye anasubiri. Nikasema, "Hata mimi naona mbili."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu la kwanza ni kwamba mume haumbuliwi mbele ya watu, hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikasema moyoni funika kombe mwanaharamu apite, tutazungumza nyumbani. Jibu la pili ni baya zaidi, nami nalisema. Mkerezaji asiyeona hawekwi kwenye mashine hata siku moja. Mashine ile haina huruma, imekwisha kula vidole viwili vya mtu ninayemjua. Wakijua, watamrudisha nyumbani. Nikamwona amerudi nyumbani miezi kumi na minne kabla ya wakati, anazunguka vyumbani na futi mkononi, hana pa kuupeleka mwili wake, na mimi niko humo humo ndani. Niliogopa. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kuondoa jicho kidirishani.

Mjane alituomba radhi. Aliona haya kana kwamba marehemu ametuibia, akatushushia bei bila kuombwa. Mume wangu akakubali kwa furaha kubwa, kwa sababu sasa alikuwa na jambo la kufanya. Kama pete imezidi, alisema tukiteremka ngazi, ataikereza. Tena kwa mashine yake mwenyewe, saa ya mapumziko. Mchagua nazi hupata koroma, nilitaka kumwambia, nikakumbuka kwamba nazi ilikuwa nzima.

Tulifika nyumbani na sikuzungumza. Jumapili sikuzungumza. Jumatatu akaondoka kwenda kazini, nikasimama mlangoni nikimtazama anavyoinama kutafuta tundu la kufuli la geti. Kila jioni nilihesabu vidole vyake kabla ya kumwitikia salamu. Alijua ninaangalia mikono, akadhani naangalia uchafu, akawa anainawa mara mbili. Nilianza kuhangaika kuliko yeye. Nafagia palipofagiwa. Natoka kwenda dukani, nafika nusu ya njia, narudi. Simu ya jirani ikilia nasema ndiyo hiyo, wanapiga kutoka karakana.

Wiki ya nne alisahau chakula chake cha mchana, nikampelekea. Kwa kweli hakukisahau, nilikificha mimi nipate sababu. Nilisimama kwenye mlango wa karakana na bakuli langu. Alikuwa ameifunga ile pete ya shaba kwenye mashine, ameinama, kichwa amekilaza upande kama kuku anayetazama mwewe. Shaba ilikuwa inatoka nyuzi nyuzi, nyembamba, ya kupendeza. Kisha akanyoosha mkono kuzima mashine. Mkono ukashika hewa. Ulipita shubiri moja kutoka kwenye kichwa kinachozunguka, mkono wa shati ukapepea kwa upepo wake. Akapapasa, akakipata kitufe, mashine ikanyamaza.

Fundi wa mashine ya jirani alikuwa ameona. Alinijia, akapokea bakuli, akaniambia polepole, "Shemeji, siku hizi mzee ananiomba nimsomee vipimo. Anasema kifaa chake kimefutika namba." Akanitazama, mimi nikatazama sakafu. Naye alikuwa anafunika kombe lake.

Chumba cha msimamizi kilikuwa hatua tano kutoka pale, chenye mlango wa kioo. Nilikwenda. Niligonga. Akaniambia karibu mama, kuna tatizo? Nikamjibu hakuna, nimepita kusalimia tu. Akafurahi, akaniuliza watoto, nikamweleza habari za watoto mmoja mmoja. Nilipotoka nilikaa kwenye ukingo wa mtaro wa barabara na nguo yangu nzuri, nikajitukana kwa sauti mpaka mwanamke mmoja akaniuliza kama nimeibiwa.

Jumapili iliyofuata, asubuhi, jua likiwa limeingia sebuleni, aliipachika lenzi na kwenda dirishani. Ng'ambo ya nyumba yetu kuna mlingoti wa antena. Akaulenga. Akazungusha pete taratibu mpaka mwisho wake.

"Moja," akasema. "Mke wangu, naona moja. Moja tu."

Alicheka. Halafu akafanya jambo ambalo ningeweza kuitia watu waje walione. Alikaa. Alikaa kwenye kiti, akaegemea, akanyoosha miguu, akaweka kamera mapajani, uso umetulia kabisa. Akaanza kunieleza atawapanga vipi wenzake, nani atashika nini, na dirisha la karakana liwe upande gani. Nilimwacha aseme. Kisha nikaichukua kamera mapajani mwake, nikaenda dirishani nikachungulia.

Milingoti ilikuwa miwili. Nilizungusha pete mpaka ikakataa, bado miwili, imeachana wazi, kila mmoja na nyaya zake. Alikuwa ameiharibu lenzi nzima. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilizunguka wiki tano ikarudi na kunikuta dirishani. Uongo niliousema kwa mjane sasa ulikuwa kweli, hata nabii angeona mbili. Na mume wangu aliona moja. Mwanzo jicho lake lilikuwa linaiona vibaya ile picha ya pili, iliyo hafifu. Sasa lilikuwa halimwonyeshi kabisa.

"Unaonaje?" akaniuliza kutoka kitini.

Sikugeuka. Nilijua nikimtazama amekaa vile nitanyamaza tena.

"Ni miwili, baba," nikasema. "Leo ni miwili. Siku ile kwa mjane ilikuwa moja."

Akauliza nasema nini. Nikamwambia yote, nimeshika dirisha, kuanzia tangi mpaka mlango wa msimamizi. Sikujitetea. Nilipomaliza nikageuka. Alikuwa amefumba jicho la kushoto, ananitazama kwa la kulia. Akafungua, akafumba la kulia, akanitazama kwa la kushoto. Akarudia, kama anavyorudia kipimo.

"Kwa hili naona nywele zako na mabega," akasema. "Uso haupo."

Nililia. Yeye hakulia. Aliniuliza ni wiki ngapi, nikamwambia tano. Akaiweka mikono yake mezani, akaigeuza juu na chini, akaitazama kwa jicho lililobaki. Nilisubiri anipigie kelele. Ningeshukuru. Aliinuka akaenda uani, akatembea kutoka ukuta huu hadi ule, siku nzima, na chakula hakukigusa.

Jumatatu alikwenda kwa msimamizi mwenyewe, kabla ya mashine kuwashwa. Nilimsindikiza, akaniacha getini. Hawakumfukuza. Walimweka stoo, agawe vifaa mpaka muda wake uishe, na nilipowaza jinsi nilivyoliogopa neno "wakijua" nilitamani ardhi inipokee. Alipotoka kwa msimamizi alikwenda na kamera kwenye mashine yake, fundi wa jirani ndiye aliyenisimulia. Kioo cha lenzi hakikuwa na kosa, alisema, ni ile pete tu, na namba za umbali zilizochongwa ubavuni bado ni za kweli. Fundi wa mashine ya jirani akashika ncha ya futi, akapima kutoka kamera hadi kwenye pua ya kila mtu, akasoma kwa sauti, mume wangu akaiweka pete kwenye namba aliyotajiwa. Alipiga filamu nzima, akichungulia kwa jicho la kushoto. Picha zilitoka safi, hata nyuzi za chuma sakafuni unaweza kuzihesabu.

Kwa mjane nilikwenda peke yangu. Nikamwambia lenzi ilikuwa nzima, nami niliona. Nikaweka mezani kile alichotupunguzia. Alinitazama sana, kisha akaniambia zile nyingine amekwisha kuziuza kwa fundi wa vyuma chakavu, maana alidhani zote ni mbovu. Aliniletea maji nikanywa.

Jumatano tulikuwa kliniki ya macho. Daktari alikuwa kijana, mpole, anazungumza huku anaandika. Alimchungulia kwa mashine, akamtia matone, akamchungulia tena. Akatueleza kwamba ni presha ya macho. La kulia limekwenda sehemu kubwa na halirudi. La kushoto limeanza, lakini matone na uangalizi vitalishikilia, akiyafuata kila siku bila kukosa. Niliuliza kama tungewahi mwezi mmoja nyuma. Akasema kila wiki ina hesabu yake kwenye ugonjwa huu, hawezi kusema ni kiasi gani, lakini kingebaki zaidi ya hiki.

Kisha akavuta fomu. Jina, umri, kazi. Akafika mahali, akainua kalamu, akamwuliza mume wangu tatizo limeanza kuonekana lini.

Mume wangu alikuwa ametulia kwenye kiti chake, mikono magotini. Tangu Jumapili hakuwa amenisemesha zaidi ya salamu.

"Muulize mke wangu," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa anaona."

Nikataja tarehe, siku na saa. Daktari akaandika.